Programu Inafunguka kwa Mukono ya Zéphirin Tu

Kituku, Goma
Tarehe 16 ya mwezi wa sita, 2021

Mupendwa mudogo wangu Niyibizi,

Jambo sana. Uko je huko Lubumbashi? Baridi ya kwenu haikuumize magoti? Na bibi yako, amezaa ao bado? Siye huku tuko wazima. Udongo ulitetemeka mpaka ukachoka. Ukuta ya jikoni ilipasuka, lakini moto ya volkano haikufika kwetu, Mungu asifiwe.

Unajua tayari namna Nishimwe, binti ya dada yetu Dancille, alipotea ile siku serikali ilisema watu watoke mujini. Barabara ya Sake ilijaa, watu wakasukumana, mukono ya mutoto ikamutoka. Kuanzia pale Dancille alikuwa anakaa tu, anaangalia mulango. Chakula tulikuwa tunamulazimisha.

Sasa nikupe habari ya Zéphirin. Ni papa moja mufupi wa kofia, anatengeneza ordinatere, ile kompyuta, ya wamama wa mutaa wa Himbi, wale wanatafuta watoto wenye walipotea. Mutu akiokota mutoto, popote alikimbilia, anamuandikisha na telefone, na jina inaingia mu ile ordinatere. Wakifungua programu, njo unaona kama wako iko.

Lakini programu ilikuwa inafunguka kwa mukono ya Zéphirin tu. Mama Élisabeth, mukubwa wao, akijaribu, inaleta maandiko mekundu: bibliyoteki fulani haionekane. Zéphirin anasema ile bibliyoteki ni kipande ya programu, bila yeye programu haiwezi kufika penye majina inalala. Sawa. Anakaa yeye, inafunguka. Anatoka, inakataa. Na tena anageuzaka kioo ya ordinatere upande wa ukuta. Wewe ungewaza nini?

Mimi niliwaza mubaya, na sikuwaza kimya. Unakumbuka mu vita walikuwa wanaita watu majina barabarani, na wengine hawakurudi. Mutu mwenye anafungia majina ya watoto peke yake, anamufungia nani? Nikauliza vile ku soko ya samaki, na soko ikapokea. Kesho yake wamama wakamungojea pa mulango: "Papa Zéphirin, watoto wetu unawauza bei gani?" Akavaa kofia yake, akaenda kwake. Hakurudi kazini, na programu ikabaki imefungwa.

Dancille njo alienda kumutoa kwake. Walifika pamoja Himbi, na mimi nikafuata, sababu macho yangu ilikuwa bado ku mikono yake.

"Apana, usiguse," nikamuambia. "Mama Élisabeth afungue, siye tuangalie."

Akafungua. Maandiko mekundu yale yale.

Zéphirin akasoma, akaniuliza: "Mama Mahoro, ameingia kwa konti ya nani, kwa jina ya nani?"

"Ya kwake. Ulitaka aingie kwa yangu?"

Akafunika uso na kofia. Kumbe volkano ilipolipuka walihamisha programu mu ordinatere ingine, na ile bibliyoteki aliiweka ndani ya konti yake mwenyewe, akafunga na neno ya siri, akageuza na kioo, vile siye wote tunafunga kila kitu tangu vita. Kwa konti ya Mama Élisabeth haikuwa. Zéphirin akakaa mbali, mikono mifukoni, akamuambia Mama Élisabeth ya kuandika, herufi kwa herufi. Interneti ikavuta, ikavuta, bibliyoteki ikafika. Programu ikafunguka.

Nishimwe alikuwa mule. Minova, kwa mama moja muuza ndizi. "Mama yake anauza samaki sambaza Kituku." Na tarehe ya kumuandikisha ilikuwa ile ya siku tulimufukuza Zéphirin.

Dancille alipanda boti kesho yake, wakarudi wawili. Mutoto amekonda, lakini anasema bila kupumua. Watu wanasema amenifuata mimi.

Sasa Dancille amemualika Zéphirin kwetu, Dimanche, siku ya Mungu, ya mwisho wa mwezi. Mimi ananisalimia na kichwa tu. Na mudomo yangu hii yote, sijui nitaanza na neno gani akikaa pa meza. Wewe ulisoma, unitafutie moja, uniletee haraka.

Salimia sana bibi yako Nshobole, na baba mukwe Habarurema, mugongo yake ipone. Mungu alinde mimba ile na kazi ya mikono yako.

Ni mimi dada yako, sichoke kukupenda,

Mahoro