Miguu ya Baba Mkwe

Mbalizi, 9 Juni 1956

Baba Damari,

Salamu nyingi huko machimboni Makongolosi. Viazi tumevuna, na Damari ameota meno.

Baba yako alijikata paja kwa shoka. Nilimfunga jeraha, damu ikakoma, lakini mwili ukawa baridi, jasho likamtoka, mapigo ya moyo yakaenda mbio. Wazee wakamketisha wamnyweshe pombe. Niliwafukuza! Nikamlaza chali, nikaiinua miguu yake mapajani mwangu ili damu irudi moyoni, nikamfunika kanga yangu.

Mwiko naujua: mkamwana hamtazami mkwewe, sembuse kumgusa. Sasa amepona, na neno lake la kwanza ni kwamba nirudi kwetu mpaka nimwombe radhi.

Siombi. Naenda kwetu; akiitaka radhi hiyo, aje huko kuidai mwenyewe, kwa miguu ile ile niliyoiinua.

Mkeo asiyejuta,
Tusajigwe