Honi niliyopigia nyumba yangu

Mujukuu wangu Kasongo,

Salamu zako zimefika. Sisi wazima. Goti la mama yako limepoa, na yule mbuzi uliyetuachia amekula pazia la pili. Njoo umuchukue.

Unaniuliza, kutoka hiyo meli yako ya Matadi, upige simu nyumbani mara ngapi kwa siku ili watoto wasikusahau. Yaani mimi nimekuwa mwalimu wa simu!

Sikiliza. Wakati wa vita, baada ya uhuru, nilikuwa baharia. Meli yetu ilikatazwa kutia nanga hapa Kalemie. Tukitoka Moba kwenda Kigoma tulipita tu kwa mbali. Bati la nyumba yangu niliona kwa macho. Nilitamani muke wangu na watoto, mama yako kati yao, mpaka chakula kikanishinda. Basi kila tukipita nilipiga honi mara tatu, wajue ni mimi. Roho yangu ilitulia.

Niliporudi, bibi yako hakunipa hata kiti.

“Wewe muntu gani? Kila honi ikilia, watoto wanaacha chakula, wanakimbia bandarini. Ninawarudisha wanalia. Unawaita, halafu unapita!”

Nilikasirika. Mimi niliyewakumbuka njo nigombezwe?

Mara ngapi upige simu, sijui. Uliza muke wako, anayebaki na watoto simu ikikatwa.

Jana meli ililia. Mama yako, na uzee wake wote, aliweka sahani chini akatazama mulangoni. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Babu yako, niko nyumbani.