Ulimi wa Bati

Jumatatu, tarehe 6 Novemba. Salamabila

Tumeshuka shimo la dhahabu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watatu: mimi, Bulonza, Assumani. Bulonza ni wa kwetu, huko Walungu, tulitoka pamoja miaka minne iliyopita. Assumani ni Mubangubangu wa hapa hapa, ana watoto watano na kikohozi. Metre arobaini kwenda chini, kisha kutambaa kwa tumbo.

Saa nne mashine ya upepo ilizimika huko juu. Esansi ya kuiendesha ilikwisha, na mtu wa mashine alikuwa amekwenda kula sombe. Sisi chini hatukujua. Hewa mbaya haina harufu. Kichwa kilianza kuuma, miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Tukapanda. Bulonza alitapika.

Zamani watu walishuka na mishumaa. Mshumaa ukizimika, unapanda. Sasa kila mtu ana tochi ya kichwani. Tochi haijui habari ya hewa. Inaendelea kuwaka juu ya maiti. Mwezi uliopita iliwaka hivyo juu ya watu wawili, shimo la upande wa mtoni.

Nimechoka kuogopa. Nimeanza kutengeneza kitu.

Jumatano, tarehe 8

Kitu chenyewe ni hiki. Kopo la nyanya, limekatwa juu na chini. Nimelifunga kwenye mdomo wa chini wa bomba laini la plastiki linalotuletea hewa. Ndani nimening'iniza ulimi wa bati nyembamba. Hewa ikipita, ulimi unagonga kopo, ta-ta-ta-ta, mfululizo. Hewa ikikatika, kimya. Ukisikia kimya, acha nyundo, panda.

Nilisoma ufundi miaka miwili kabla baba hajafa. Hili sikulisoma. Limetoka kichwani mwangu.

Leo limefanya kazi. Tulikuwa tunapiga mwamba, mara kimya. Tulipanda bila kuulizana. PDG, ndivyo tunavyomwita mwenye shimo, alikuwa tayari kututukana. Kisha akaona mbuzi amelala juu ya bomba. Akafunga mdomo.

Bulonza ananiita Enjenia Nyanya. "Enjenia, kesho utengeneze ingine ya kunyamazisha bibi yangu akipiga simu." Nimecheka hadi mbavu zikauma. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jumapili, tarehe 12

Nimetembea sokoni. Fundi wa mabati anauza makopo yangu. Ameyapanga kwenye gunia, yamepakwa rangi ya bluu. Watu wa mashimo saba tayari wananunua. Nilimuuliza nani alimfundisha.

"Hii? Hii iko kitu ya Wachina, ndugu. Weye huwezi kuielewa."

Sijala hadi sasa.

Muuza vitenge mmoja aliniona nimesimama pale kama nguzo, akaniuliza. Nikamweleza. Anasema Kasongo kuna mzee anayejua habari za brevet, karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kilibuniwa na fulani, na wengine wote lazima waombe ruhusa yake. PDG amenipa siku nne za ruhusa. Amesema nisizoee.

Jumanne, tarehe 14. Kasongo

Siku mbili za pikipiki. Matope hadi magotini, tulilala Wamaza, kuta za chumba zilikuwa zinavuja. Mgongo wangu umevunjika vipande.

Mzee anaitwa Mwalimu Radjabu. Familia ya zamani ya mji, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi. Alifundisha, sasa ana chumba cha kupigia watu barua na fotokopi, umeme wa jua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Akachukua rula akachora kopo langu mbele, ubavuni na ndani, kila sehemu na namba yake. Sijawahi kuona kitu changu kikiwa kizuri hivyo.

Kisha akaniambia ukweli. "Mwanangu, wale hawatakuuliza umeokoa watu wangapi. Watauliza kama kitu ni kipya na kama ni chako. Na huko kwenu tayari mutu anauza."

Kwa hiyo lazima barua. PDG aandike kwamba kopo lilionekana kwanza katika shimo lake, kwamba nililitengeneza mimi, kwamba linafanya kazi. Sahihi na muhuri. Bila hiyo barua, Mwalimu anasema, faili itafika Kinshasa na kulala huko huko.

Nina miaka thelathini na minane. Jina langu limeandikwa mahali pawili tu: kadi ya uchaguzi na daftari la kliniki. Naitaka karatasi hii. Sijawahi kutaka kitu namna hii, hata mwanamke.

Ijumaa, tarehe 17. Salamabila

Nimerudi jana jioni, leo nikashuka. Wakati sikuwepo wamepata mshipa. Jiwe jeupe, na ndani yake manjano unayoiona bila kuosha. Nimeigusa.

Sasa ni kazi ya kimya. Kila mchimbaji wa hapa anaijua. Ukipata mshipa, majirani hawapaswi kusikia unapochimba. Wana mtu wao anayeweka sikio kwenye mwamba. Akisikia, wanageuza shimo lao kukufuata, na huko chini mshipa ni wa anayetangulia. Watu wamepigana kwa mapanga gizani kwa sababu hiyo. Basi nyundo zinavishwa vitambaa. Hakuna kuongea, hakuna kuita walio juu. Kamba tu.

Nilimwomba PDG barua.

"Enjenia, barua yako iko hapa kichwani, inangoja tu. Lakini hii kopo yako inaniitia majirani. Kutwa ta-ta-ta, kama harusi. Ninyamazishie."

Nilikataa. Nilimweleza. Nilikataa tena. Akasema sawa, basi kila mtu abaki na chake, mimi na kopo langu na yeye na kalamu yake.

Nimechana shati langu la zamani, nimeufunga ulimi kwa kipande chake. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Tumekubaliana kila baada ya muda mmoja wetu atatia mkono kwenye mdomo wa bomba kuhisi hewa. Bulonza alinong'ona, "Baba amefunga mtoto wake mudomo." Assumani hakusema kitu. Alikohoa ndani ya kofia yake ili asisikike.

Jumamosi, tarehe 18

Bulonza amekufa. Assumani amekufa.

Jumatatu, tarehe 20

Naandika ili isigeuke kichwani mwangu.

Jumamosi saa saba mchana nilipanda kula na kuchukua magunia. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri. Bomba pale juu lilikuwa limejaa upepo, limekaza. Kila mtu aliyelitazama aliona hewa inaenda. Lakini katikati, kwenye metre ishirini hivi, udongo wa ukuta ulikuwa umeporomoka ukalibana. Chini hakukuwa na hewa.

Hawakuita. Sisi juu hatukushangaa kwamba hawaiti. Kimya ndicho kilichoagizwa. Nilikula muhogo wangu wote. Nilinawa mikono.

Saa nane na nusu nikavuta kamba. Haikujibiwa. Nikavuta tena.

Nilishuka. Nilipofika kwenye udongo nikaupiga teke hadi bomba likafunguka, nikabaki hapo nimening'inia, nikihesabu hadi mia mbili ili hewa initangulie. Hiyo ndiyo hesabu ndefu kuliko zote maishani mwangu. Kisha nikaenda.

Assumani alikuwa amelala kifudifudi, nyundo mkononi, na kitambaa chake. Bulonza alikuwa amekaa, mgongo kwenye mwamba, kama mtu anayengoja zamu. Tochi zote mbili zilikuwa zinawaka. Hewa ilikuwa imerudi, ulimi ulikuwa unarukaruka ndani ya kopo, na shati langu juu yake. Bila sauti.

Nilimfunga Bulonza kamba kifuani. Alikuwa mzito. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Watu walipoanza kukusanyika, nikaona kopo liko pale juu kwenye udongo, limepandishwa. Kitambaa hakipo. PDG alikuwa amesimama karibu nalo, mkono mfukoni.

Jumatano, tarehe 22

Assumani alizikwa Jumamosi ile ile, kabla jua halijazama. Watu wa msikiti walifanya yote kwa haraka na kwa heshima. Bulonza tulimzika Jumapili, hapa, ugenini. Walungu ni mbali mno, na kwa barabara hizi maiti haifiki.

Sokoni wanasema makopo hayafai, kopo lilikuwepo na watu wamekufa. Fundi wa mabati ameyaondoa kwenye gunia lake. Hakuna tena anayesema ni ya Wachina. Sasa ni yangu.

Leo PDG ameniita nyumbani kwake. Chai, mkate, kiti kizuri. Barua iko tayari. Sahihi, muhuri, jina langu kamili, hata la babu. Inasema nilibuni kifaa, kwamba kilionekana kwanza kwake, kwamba kilifanya kazi bila kosa hadi marehemu wawili walipokifunga kitambaa wenyewe, bila ruhusa ya mtu yeyote.

"Wao wamekufa, Enjenia. Hii neno haiwezi kuwaumiza tena. Weye inakusaidia, miye inanisaidia."

Nimeisoma mara nne. Niliichukua. Iko chini ya mkeka ninapoandika.

Alhamisi, tarehe 23

Mke wa Bulonza amepiga simu. Alikuwa amekwisha lia, sauti imekauka.

"Shemeki, ile kopo aliyokuwa anaisifu, ilikuwa huko chini pamoja nao?"

"Ilikuwa."

"Iligonga?"

Nikasema haikugonga.

"Sababu gani?"

Nikasema walikuwa wameifunga. Wao. Nilisema hivyo. Akaniuliza kama nakula vizuri.

Mimi ni takataka.

Jumapili, tarehe 26

Kuna jambo moja Ijumaa ile sikuliandika.

Nilipokuwa nachana shati, Assumani hakunyamaza, kama nilivyoandika. Alisema. Alisema, kwa nini tusikate utepe wa sachet, ule mfuko mweusi wa plastiki wa sokoni, tuufunge kwenye mdomo wa bomba mbele ya tochi? Hewa ikija utepe utacheza. Ikikatika utalala. Utaona kwa macho, hakuna kelele, na PDG ataridhika.

Nilielewa palepale kwamba amesema vizuri. Vizuri kuliko kopo. Na nikamwambia hapana. Nilimwambia utepe utajaa vumbi, utashikana na ukuta. Uongo. Nilikataa kwa sababu barua ilikuwa ya kopo. PDG angeuona utepe unafanya kazi, angeandika utepe. Na hakuna mtu Kinshasa atakayempa mtu brevet kwa kipande cha sachet. Na hata kama wangetoa, jina lingekuwa la Assumani.

Ndiyo hiyo. Imeandikwa sasa.

Asubuhi nimempigia mke wa Bulonza. Nimemwambia nani alifunga kitambaa, na kwa sababu ya nini. Habari ya utepe pia. Hakupiga kelele. Alisema, "Usiite tena hii namba," akakata.

Kisha kwa mke wa Assumani, nyumbani kwake, kwa miguu. Kaka zake walikuwepo. Mmoja alinipiga ngumi moja mdomoni. Wengine wakamshika. Mjane mwenyewe alisema niketi nimalize kueleza, kisha niondoke.

Barua nimemrudishia PDG. Aliniambia kesho nisije kazini, na keshokutwa nisionekane Salamabila. Nilipita mashimo manane nikiwa na mdomo uliovimba, nikiwaonyesha utepe. Wengi walinifukuza. Watatu waliufunga. Niliwaambia ni wa Assumani. Mmoja tu aliuliza Assumani yupi.

Jumatano, tarehe 6 Desemba. Kabambare

Natengeneza matofali kwa mtu anayejenga duka. Udongo, maji, kalibu, jua. Hapa hakuna kushuka. Jino moja bado linalegea.

Mchana simu ya Mwalimu Radjabu, kutoka Kasongo. Mtandao ulikuwa unakatika. Anauliza barua imefika wapi, faili yangu iko mezani, kila kitu tayari, imebaki hiyo tu. Nikamwambia haitakuja.

Akauliza basi afanye nini na ile michoro, maana ni karatasi nzuri, nene.

Nikamwambia nyuma yake bado ni nyeupe. Apige hapo fotokopi za watu wengine.

Mvua imeanza. Nimekwenda kufunika matofali.