Kelele Iliyofutwa Katika Albamu ya Alcide

Athumani, moyo umenivunjika. Jirani yangu Alcide, mpiga tromboni, ameisikiliza leo albamu yake studio, hapa New Orleans.

Wimbo wa mwisho ulipokoma, akatega sikio. Kimya.

“Rudisha, Remy.” Kimya tena.

“Mke wangu alisema neno hapa. Li wapi?”

Remy, fundi wa sauti, akajibu, “Nililifuta, mzee. Nilidhani ni kelele.”

Kelele, Athumani! Siku ya kurekodi, marehemu mkewe Odile alikuwa kitini mle studioni, na tromboni iliponyamaza akamtania: “Acha kujisikiliza, Alcide, supu ya gumbo inapoa!” Wiki ile ile akazikwa.

“Nakala ya awali ipo?” Alcide akauliza.

“Sikuihifadhi, mzee wangu. Nisamehe.”

Alcide hakufoka. Alisema tu, “Basi hicho kimya usikifupishe. Kiache kitoshe maneno yake.”