Gathogo Nderitu na Utabiri wa Ukurasa wa Tatu

Mwaka umetimia, mzee wetu Gathogo, tangu tukulaze shambani kwako Saboti, Juni 2006. Tunakuandikia hapa, wengine wakisoma, kwa sababu tulikushuku na wengi walijua.

Ulikuwa mtu wa redio na kalamu nyekundu. Chai ilipoa mkononi mwako ukisikiliza mpira. Jirani akifiwa, wewe ndiwe wa kwanza kufika na viti vyetu begani.

Kampuni ya kamari ilipoanzisha gazeti lake Kitale, mwaka 2002, ulipewa ukurasa wa tatu, utabiri wa mechi. Kuanzia hapa hadi Bungoma watu walicheza kwa neno lako.

Kisha utabiri ukaanza kuwapotosha, wiki baada ya wiki. Ikasemwa kampuni inakulipa uwapoteze. Siku ya soko Myanga, Mukhwana, rafiki yako wa miaka mingi, alikataa kukupa mkono. Ulirudi ukatueleza kwamba gazeti lilikuwa likitoka na timu ambazo hukuziandika. Mkeo Nyaruai akasema, "Baba Muturi, kama wamekupa kitu, si useme tu."

Ulichukua ndoo ukaenda kukama. Mwanao Muturi alipekua mifuko ya koti lako, akakosa kitu, na bado hakukuamini.

Uliacha kazi mwezi huo huo. Gazeti nalo lilifungwa mwaka uliofuata, lakini jina baya lilibaki kwako.

Miezi minne baada ya mazishi, alikuja Pauline Wabwile kutoka Bungoma, aliyekuwa akipiga chapa kazi zako. Alileta bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi za mwandiko wako, na juu yake meneja wa gazeti amekata timu zako akaandika zake.

"Mzee alinikataza kuzitoa," alisema. "Ati nitafutwa, na niko na watoto. Sasa nimetoka kwa hiyo kampuni."

Nyaruai alizisoma zote, akaenda kaburini peke yake, akakaa huko hadi mvua ikamrudisha. Mukhwana aliziomba, akazisoma kwa sauti sokoni Myanga.

Uliishi nasi miaka mitatu tangu uache kazi, mezani petu, tukikutazama kwa jicho la pembeni. Utusamehe.

Ni sisi: mkeo Nyaruai, wanao Muturi na Gladwell, dada yako Mary Ann, na Mukhwana, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na yetu.

Hatutakusahau kamwe, na sasa tunakuamini.