Kichwa Chekundu cha Baba

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Huku hatujambo, ila tanuri la mikate linazidi kunichoma nyusi.

Dada, nina shida ya vitabu. Baba kaniachia boksi lake la treni za bati na sijui hata pa kuanzia kuzitunza. Muuza vitabu vikuukuu ana miongozo mitatu ya wakusanyaji wa treni hizi za kuchezea. Wa kwanza ni bei tupu. Wa pili una picha na alama za viwanda, unaonyesha kila treni ilitoka na rangi gani. Wa tatu unafundisha kukwangua rangi ya zamani na kupaka mpya. Nichukue upi? Wewe ndiye uliyekuwa unakaa na Baba mezani akifungua kile kitabu chake cha treni. Bado kipo?

Mdogo wako,
Honi

19 Machi

Honi,

Marahaba. Mgongo ni ule ule.

Kumbe unajua nilikuwa nakaa mezani! Siku Baba anakupa boksi mbona hukufungua mdomo? Miaka kumi na moja nimempikia, nimemfulia, na kila Jumamosi natia magurudumu ya treni zake mafuta ya cherehani yangu. Wewe ulikuja siku mbili tu, ukaondoka na boksi kwapani. Hata jina la utani alikupa wewe, kwa makelele yako. Mimi aliniita "wewe, hebu njoo." Nakuonea wivu, ndiyo, na sioni haya kusema.

Kitabu cha Baba sijui kilipo. Nunua huo mwongozo wa tatu. Anza na kile kichwa chekundu cha treni, kimechubuka mno. Kikwangue chote mpaka bati lionekane.

Dada yako

2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana ulivyonifokea nilidhani umeishiwa pumzi! Nilisoma barua yako mara tatu, nikaona afadhali nifanye kazi kwanza.

Sasa naweza kusema. Boksi ni langu, lakini kichwa chekundu si changu. Baba aliniambia, "Hiki ni cha dada yako. Springi imekatika. Ukimpa kibovu atakurushia. Kitengeneze kwanza, na usimwambie." Ndiyo maana nilihangaikia miongozo, nisije nikakiharibu.

Fundi saa ameweka springi mpya. Rangi nimekwangua kama ulivyosema, siku nne nzima, vidole malengelenge matupu. Chini ya dirisha lake kulikuwa na doa la rangi ya kucha, gumu hilo! Lakini limetoka, nami nikapaka nyekundu mpya. Sasa kinang'aa utadhani kimetoka kiwandani leo. Nimempa dereva wa lori la unga akuletee.

Mdogo wako,
Honi

11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzigo umefika salama. Nimekitia ufunguo, kikatembea meza nzima. Nyumbani kwako wote hawajambo?

Nilikudanganya. Kitabu cha Baba kilikuwa kabatini kwangu, chini ya vitambaa vya wateja, tangu mazishi. Kwa hasira sikutaka hata kukifungua. Na nilijua, Honi. Baba alikuwa akisema kila mara kwamba treni ikishakwanguliwa rangi yake ya kwanza imekwisha, hakuna mkusanyaji atakayeitaka hata bure. Nilikuchagulia mwongozo mbaya makusudi. Nilitaka nawe ukose.

Lile doa nilipaka mimi, nikiwa na miaka tisa. Nilikiangusha kile kichwa, rangi ikabanduka, nikaiba rangi ya kucha ya Mama nikaziba. Miaka yote hii nilidhani Baba hakuona. Jana ndiyo nimefungua kitabu chake, kwenye ukurasa wenye picha ya kichwa hicho. Ameandika pembeni kwa penseli: "Doa la chini ya dirisha ni kazi ya binti yangu. Lisiguswe na mtu."

Kitabu nimempa dereva yule yule, anakuletea. Hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta. Mabehewa yaliyobaki yapanguse vumbi tu, rangi yake iache kama ilivyo.

Kichwa nimekiweka juu ya cherehani. Kila nikiinua macho natazama pale chini ya dirisha.

Niandikie, hata iwe ya matusi.

Dada yako