Silaha Ambazo Hakuna Aliyeziona

Kasinge, Tata, baba yangu.

Nakusalimu kwa magoti, ingawa huku magoti yenyewe yako kwenye zulia la chumba cha kupanga na wewe huyaoni. Goti lako je? Kaka aliniambia kwa simu kuwa sasa unafika shambani bila fimbo. Sikumwamini sana, maana anapenda kunipa habari njema. Niandikie mwenyewe, na unieleze kama ugonjwa wa mnyauko umeacha migomba ya nyuma ya nyumba. Mimi ni mzima. Baridi ya Uingereza imeanza, na kazi ya kutunza wazee ni ileile: kuogesha, kulisha, kusikiliza.

Leo nikueleze habari ya wazee wawili wa hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Bibi Joan alimpoteza mwanawe pekee katika vita vya Iraki. Bwana Walter alikuwa mtumishi wa serikali; wakati ule kazi yake ilikuwa kusoma taarifa za siri na kuwaandikia wakubwa muhtasari. Utakumbuka redio ilivyosema kuwa Iraki imeficha silaha za sumu. Vita vikapiganwa kwa sababu hiyo, wakatafuta kila mahali, na maghala yaliyosemwa hayakuonekana.

Wazee hawa walikula meza moja miaka miwili bila mmoja kujua habari hizi za mwenzake. Wiki mbili zilizopita televisheni ikaonyesha kipindi cha vita vile, na watu wakaanza kubishana sebuleni. Mmoja alisema silaha zilihamishwa kabla majeshi hayajafika. Mwingine akasema hazikuwapo kamwe na wakubwa walijua. Bwana Walter, ambaye hupenda kusahihisha watu, akasema hakuna aliyedanganya; taarifa zilikuwapo, yeye mwenyewe alizisoma. Bibi Joan akaniomba nisukume kiti chake cha magurudumu nimrudishe chumbani.

Tangu hapo hakutaka kula akiwa naye. Nilimpelekea chakula chumbani siku tisa, nikakirudisha karibu kama kilivyokwenda. Msimamizi wetu alisema tusiingilie, hayo ni mambo ya siasa. Mimi sikuona siasa, niliona mama asiyekula.

Nikamweleza Bwana Walter, nikiwa namkata kucha, kuwa wewe, Tata, ulikaa miaka mingi kwenye baraza la ardhi la kata. Watu walipogombea shamba, hamkuamua kwa maneno ya jirani. Mlikwenda kwa miguu, mkatazama kama mti wa mlamula uliopandwa mpakani upo au umeng'olewa. Akasema ofisini kwao hakuna aliyeweza kwenda kutazama. Nikamwambia mwana wa Bibi Joan alifia katika vita vile, basi amweleze hivyo yule mama.

Kesho yake alikwenda chumbani kwa Bibi Joan, akishika ukuta. Nilikuwa natandika kitanda. Bibi Joan hakumkaribisha kiti.

"Uliziona hizo silaha?" akamuuliza.

"Sikuziona. Niliona karatasi zilizosema zipo."

"Zilisema zipo?"

Bwana Walter akajisahihisha. "Zilisema huenda zipo. Mimi nikaliondoa neno huenda. Wakubwa hawakupenda maneno mengi."

Bibi Joan akataka aandike hayo kwa mkono wake. Akaandika, na mimi nikamshikia karatasi. Bibi akaisoma mara mbili, akaitia kwenye droo, akamwambia aende. Mchana ule aliniomba nimpeleke chumba cha chakula, akakaa meza nyingine, akamaliza sahani. Hawajapatana, Tata, na sidhani kama watapatana. Ila anakula.

Jambo hili limenifikisha kwenye vita vyenu na Uganda. Vile viliwakuta nyumbani. Mabomu yalisikika Bukoba, hakuna aliyehitaji kuonyeshwa ushahidi. Lakini ulichokiona ulipovuka mpaka na jeshi kwenda Uganda hukutuambia, na sisi watoto tuliogopa kuuliza. Sasa nauliza. Ukinyamaza nitaelewa, ila sitaki kuja kuyasikia kwa wengine wakati wewe hupo tena.

Nisalimie mama, na kaka mwalimu huko Kahororo pamoja na mkewe. Shangazi anayeuza ndizi sokoni Muleba mwambie picha yake imefika, na wazee wa huku wamesifu kitambaa alichovaa.

Ni mimi binti yako,
Kokushubila